Kuzika na Kufukia: Somo Nililopewa na Makaburi ya Mbwa

Wasomaji wa ukurasa huu wanaweza kubishana juma zima kuhusu kina kimoja, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza kwamba neno lina uzito. Leo naomba kuungama kosa la neno moja. Nililitenda mwaka 1991 nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili, na sikulitambua hadi nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma mambo ambayo hayamo katika mtaala.

Niliwapa wanafunzi insha yenye kichwa tulichokizoea sote, "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Msichana mmoja, mtu wa bara kutoka jamii ya wawindaji, aliandika habari za mbwa wa babu yake. Usiku mmoja nyoka aliingia kibandani walimolala watoto. Mbwa alijitupa kati ya nyoka na mdogo wake msichana huyo, akaumwa, na kabla ya alfajiri akafa. Babu alimfunga katika kipande cha kaniki kuukuu, akachimba chini ya mkwaju, akamlaza kwa ubavu, akaweka juu yake njuga aliyokuwa akiivaa shingoni wakati wa kuwinda. Msichana alimalizia: "Kisha tukamzika."

Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno hilo, nikaandika juu yake "tukamfukia". Nikapunguza alama mbili. Pembeni nikaongeza maelezo: mtu huzikwa, mnyama hufukiwa.

Baada ya kipindi alinifuata mlangoni. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, akasema, "Samahani, Mwalimu. Takataka ndizo hufukiwa. Sisi tulimzika." Nilimjibu kwamba lugha ina kanuni na kanuni hazisikilizi huruma. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akarudi kwenye dawati lake. Nilijiona nimefundisha.

Nisijionee kupita kiasi. Kanuni niliyoitetea ilikuwapo, na ipo hata leo. Kiswahili kimetenga kwa uangalifu mauti ya mtu na mauti ya mnyama. Mtu hufariki, mnyama hufa. Mtu akiisha kufa huacha maiti; mnyama huacha mzoga. Mtu huitwa marehemu, neno lenye rehema ndani yake; mnyama aliyejifia bila kuchinjwa huitwa kibudu, neno la jikoni na la sheria ya chakula. Hata sarufi inashiriki. Mbwa aliye hai ni wa ngeli ya A-WA: mbwa anabweka, mbwa analala. Akiisha kufa tukamwita mzoga, anatoka katika ngeli ya wenye uhai: mzoga unanuka, mzoga umetupwa. Marehemu hapotezi kiambishi chake. Twasema marehemu alisema, marehemu aliacha watoto. Yaani katika lugha yetu mtu akifa sarufi bado inamshika mkono, ilhali mbwa akifa inamwachia.

Vitenzi navyo vimegawana kazi. Kuzika kunadai kaburi, mzishi na mazishi. Kufukia kunadai shimo na udongo tu; twafukia mbegu, twafukia shimo la choo cha zamani, twafukia makaa chini ya majivu. Tazameni pia vinyume vyake, kwa kuwa wapenzi wa lugha hufurahia mambo haya. Kama funga inavyopata fungua, na ziba inavyopata zibua, fukia lina mwenzake fukua. Na zika lina mwenzake zikua, ingawa siku hizi halisikiki sana. Kufukua ni kutoa kilichofunikwa na udongo. Kuzikua ni kumtoa aliyezikwa kaburini mwake.

Sasa fikirini kuhusu mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kufukua, yaani mwanaakiolojia. Anapoondoa udongo akakuta mifupa ya mbwa, swali la kwanza analopaswa kujibu ni lile lile la yule msichana wa kidato cha pili: huyu alifukiwa, au alizikwa? Anafukua, au anazikua? Wala hana babu wa kumuuliza. Ana mifupa na udongo peke yake.

Wataalamu hao wamejiwekea alama za kutazama. Je, mifupa ipo katika mpangilio wake, kiungo na kiungo chake, au imetawanyika kama mabaki ya mlo? Je, ina michoro ya kisu ya kuchunwa au kukatwakatwa? Je, shimo lilichimbwa kwa ajili yake, au mwili ulitumbukizwa katika shimo lililokuwapo? Je, mwili umelazwa kwa mkao maalumu? Je, kuna kitu kilichowekwa pamoja nao, au chochote kilichofunika? Mtafiti Darcy Morey, aliyeandika sana juu ya mbwa wa kale, alitoa hoja kwamba mazishi ya mbwa ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao wa uhusiano wa mnyama huyu na binadamu, kwa sababu hakuna mnyama mwingine wa kufugwa aliyezikwa mara nyingi kiasi hicho, katika nchi nyingi kiasi hicho, kwa namna inayokaribiana hivyo na ya watu wenyewe.

Kisa cha kale kuliko vingine nitakavyovitaja kilitokea Ujerumani. Mwaka 1914, katika machimbo ya mawe ya Oberkassel karibu na Bonn, wachimba mawe walikuta kaburi la watu wawili, mwanamume na mwanamke, waliofunikwa kwa mawe makubwa na kuzungukwa na udongo mwekundu. Pamoja nao ilikuwamo mifupa ya mnyama. Taya lake lilidhaniwa kuwa la mbwa mwitu, likawekwa kabatini miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo lilipotambuliwa kuwa la mbwa wa kufugwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,200. Wakati huo hapakuwa na shamba hata moja duniani. Hapakuwa na ng'ombe, mbuzi wala kuku wa kufugwa. Mbwa alikuwapo.

Yaliyonigusa zaidi yalikuja mwaka 2018, wakati Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyegeukia akiolojia, na wenzake walipochapisha uchunguzi mpya wa meno ya mbwa yule. Tabaka gumu la nje la jino hujengwa utotoni, na mnyama akiugua sana wakati huo ujenzi husimama, ukaacha mstari au kovu lisilofutika. Meno ya mbwa wa Oberkassel yalikuwa na makovu ya namna hiyo. Watafiti waliyasoma kuwa ni dalili za ugonjwa mkali wa virusi ambao hadi leo huua watoto wengi wa mbwa. Kwa hesabu yao, aliugua kuanzia kama wiki ya 19 ya maisha yake, ugonjwa ukaja na kurudi, naye akafa akiwa na wiki zipatazo 28.

Mtoto wa mbwa mwenye maradhi hayo hutapika, huharisha, hutetemeka, hawezi kula wala kunywa vyema. Asipotunzwa hufa haraka. Huyu hakufa haraka. Maana yake ni kwamba kwa wiki kadhaa mtu alimpa maji, alimsafisha, alimtia joto. Na katika muda huo wote hakuweza kuwinda wala kulinda chochote. Janssens na wenzake walihitimisha kwamba watu wale walimjali mnyama ambaye hakuwa na faida yoyote kwao kwa wakati ule. Nami niliposoma hayo nilikumbuka kaniki kuukuu chini ya mkwaju.

Huko Ain Mallaha, katika bonde la Hula kaskazini mwa Israeli, wanaakiolojia walikuta kaburi la mtu wa makamo makubwa, la miaka ipatayo 12,000 iliyopita. Amelazwa kwa ubavu, na mkono wake umewekwa juu ya mtoto wa mbwa, au pengine wa mbwa mwitu, mwenye miezi minne au mitano. Simon Davis na François Valla waliueleza ugunduzi huo mwaka 1978, na picha yake imezunguka dunia tangu hapo. Mkono haufiki mahali pale kwa bahati. Aliyebaki hai aliuinua, akauweka.

Lakini mtu anaweza kusema: katika makaburi hayo mbwa amezikwa kwa sababu ya mtu, kama vile mzee huzikwa na bakora yake, hilo halithibitishi kwamba mbwa mwenyewe alistahili kaburi. Hoja hiyo ni nzuri. Jibu lake liko Marekani, katika bonde la mto Illinois, mahali paitwapo Koster. Huko walifukuliwa mbwa waliolazwa kila mmoja katika shimo lake, bila mtu, bila alama ya kisu. Utafiti ulioongozwa na Angela Perri ulipima umri wa mifupa hiyo na kuona kwamba inakaribia miaka 10,000. Hapo mbwa hakumsindikiza mtu yeyote. Kaburi lilikuwa lake.

Nimefika mahali ambapo mwalimu hupaswa kuwatahadharisha wanafunzi wake. Ni rahisi kuchukua visa hivi na kusimulia hadithi tamu ya mapenzi. Makaburi hayasemi hivyo kila mara. Kusini mwa Sweden, mahali paitwapo Skateholm, Lars Larsson na wenzake walichimba makaburi ya wawindaji na wavuvi walioishi miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Mbwa mmoja alikuwa na kaburi la kutamanika: alinyunyiziwa udongo mwekundu, akawekewa pembe ya ayala mgongoni, visu vya gumegume kiunoni, na nyundo ya pembe iliyonakshiwa. Wapo watu katika makaburi yale yale ambao hawakupewa kiasi hicho. Hata hivyo, mbwa wengine wa Skateholm wanaonekana kuwa waliuawa ili watiwe kaburini pamoja na watu. Jamii moja, mahali pamoja, iliwazika mbwa wengine kama watu na kuwatumia wengine kama vyombo vya mazishi ya watu. Kwa hiyo kaburi linathibitisha kwamba mbwa yule alikuwa na maana kwa waliomzika. Halithibitishi kwamba maana hiyo ilikuwa upole.

Kisa cha Ashkeloni kinafundisha tahadhari hiyo hiyo kwa namna nyingine. Ashkeloni ni mji wa bandari katika pwani ya Mediterania, maarufu kwa wasomaji wa Biblia kama mji wa Wafilisti. Tangu mwaka 1985 timu iliyoongozwa na Lawrence Stager wa Chuo Kikuu cha Harvard ilichimba huko, na katika tabaka la karne ya 5 KK, wakati mji ulipokuwa chini ya dola ya Uajemi na Wafoinike wakiishi humo, walikuta makaburi ya mbwa zaidi ya 700. Kila mmoja alikuwa na shimo lake la kina kifupi. Kila mmoja amelazwa kwa ubavu, na mkia umekunjwa kuelekea miguu ya nyuma. Hakuna zawadi kaburini. Hakuna alama za kuchinjwa. Wengi wao ni watoto wachanga.

Kwa nini? Stager alipendekeza kwamba mbwa hao walikuwa watakatifu, wafuasi wa ibada ya uponyaji, kwa kuwa katika dini za kale za Mashariki ya Kati mbwa alihusishwa na tiba. Huko Isin, kusini mwa Iraki ya leo, zaidi ya mbwa 30 walizikwa katika hekalu la Gula, mungu wa kike wa uponyaji, ambaye mnyama wake ni mbwa. Lakini Paula Wapnish na Brian Hesse, waliochunguza mifupa yenyewe ya Ashkeloni, waliona jambo tofauti. Mgawanyo wa umri wa mbwa wale, wachanga wengi na wakubwa wachache, unafanana na vifo vya kawaida vya mbwa wa mjini. Hawakuona dalili kwamba mbwa hao waliuawa kwa ajili ya ibada. Walikuwa mbwa wa kawaida, waliokufa vifo vya kawaida, na watoto wa mbwa hufa kwa wingi popote pale.

Mjadala huo haujafungwa. Mimi si mtaalamu, sitathubutu kuufunga. Ila yapo mambo ambayo pande zote zinayakubali, na ndiyo yanayonihusu kama mwalimu wa lugha. Mtu fulani, mara zaidi ya mia saba, aliinama akachimba shimo dogo kwa ajili ya mbwa mmoja tu. Angeweza kuwatupa baharini. Bahari ilikuwa hapo hapo. Angeweza kuwarundika katika shimo moja. Badala yake alikunja mkia. Sababu yake hatuijui, lakini kitendo chake tunakijua, na kitendo hicho katika Kiswahili kina jina. Kukunja mkia wa mbwa aliyekufa kabla ya kumfunika hakuwezi kuitwa kufukia.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Katika pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu kulikuwa na bandari iitwayo Berenike, iliyoanzishwa na Ptolemi wa Pili katika karne ya 3 KK na kupewa jina la mama yake. Wakati wa Warumi bandari hiyo ilipokea meli kutoka Bara Hindi, kusini mwa Uarabuni na Afrika Mashariki. Wale wanaofundisha historia ya pwani yetu wanaijua kutokana na Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha karne ya 1 BK cha Kigiriki kinachozitaja bandari za Misri, Berenike ikiwamo, na kuendelea kusini mpaka Azania na Rapta, mji ambao watafiti wengi huuweka katika pwani ya Tanzania. Mabaharia walioingia Rapta kutafuta pembe za ndovu walijua njia ya Berenike.

Nje ya mji huo, katika eneo la jalala la Warumi, mtafiti wa Poland Marta Osypińska alianza mwaka 2011 kukuta mifupa ya wanyama wadogo. Taarifa za kwanza zilipotoka, wapo waliotilia shaka: jalala ni jalala, huenda mizoga ilitupwa tu. Ndilo lile swali la kufukia na kuzika, safari hii likibishaniwa katika majarida ya kitaaluma. Mwaka 2021 Osypińska na wenzake walitoa uchunguzi wa wanyama 585. Kati yao paka walikuwa 536, mbwa 32, kima 15, mbweha mmoja na kipanga mmoja. Wanyama hao walizikwa katika karne ya 1 na ya 2 BK. Hawakukaushwa kwa dawa kama wale wa mahekalu ya Misri. Walilazwa kama waliolala, wengi wao kila mmoja peke yake, baadhi wakafunikwa kwa nguo au kipande cha mtungi. Paka kadhaa walivaa ukosi wa chuma au shanga. Kima walitoka Bara Hindi, safari ya majuma mengi baharini.

Wapo waliokuwa vikongwe wasio na meno, na wapo waliokuwa na viungo vilivyoharibika hata kutembea kukawa shida. Jangwani pale, ambako chakula kingi kililetwa kutoka mbali, mnyama asiye na meno hakuweza kuishi isipokuwa amelishwa. Na kuna mbwa mmoja mkubwa ambaye nimemfikiria mara nyingi. Alikuwa na saratani ya mfupa. Kabla ya kufa alikula samaki na nyama ya mbuzi. Alipokufa alifungwa katika mkeka wa makuti, na juu ya mwili wake vikawekwa vipande viwili vya mtungi. Mkeka wa makuti hauhitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa pwani.

Mtu wa Berenike aliyemfunga mbwa wake katika mkeka alimzika penye jalala, pengine kwa sababu ndipo ardhi ilipokuwa wazi. Miaka elfu mbili baadaye, watafiti walipaswa kuthibitisha kwamba mbwa hakuwa sehemu ya takataka zilizomzunguka. "Takataka ndizo hufukiwa, Mwalimu." Mtoto wa kidato cha pili aliisema hoja nzima kwa maneno matatu.

Najua wapo wasomaji watakaoniuliza: unataka tumwage heshima ya lugha kwa ajili ya mbwa? Nalielewa swali hilo. Katika Kiswahili mbwa hakupewa kiti kizuri. Jina lake ni tusi. Kumwita mtu mbwa kumevunja urafiki na ndoa. Sehemu ya sababu ni dini: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na mtu wa ibada hujiepusha na mate yake. Sitaki kuligusa hilo isipokuwa kwa heshima. Lakini hata hapo picha haikamiliki kwa tusi pekee. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Na kila aliyesoma Sura ya Pango anamkumbuka mbwa aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, akiwalinda vijana waliolala. Methali yetu isemayo kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko inamtazama kama kiumbe mwenye juhudi na tumaini. Wahenga hawakumtazama kwa jicho moja.

Bara nako, mbwa wa mwindaji alikuwa na jina lake, sehemu yake ya nyama na njuga yake. Kiswahili ni lugha ya pwani na ya bara pia. Mtoto wa mwindaji alipolileta neno zika katika insha ya Kiswahili alileta desturi ya kwao ndani ya lugha ya wote. Mimi nilimzuia mlangoni.

Nilikosea wapi, basi? Kanuni ya kwamba mtu huzikwa na mnyama hufukiwa ni sahihi kama maelezo ya mazoea. Wingi wa wanyama hufukiwa kweli, na mwanafunzi anayeandika "walimzika panya" anastahili kusahihishwa au kuchekwa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kitenzi kinamtazama anayefukiwa, yaani kwamba kwanza twauliza "ni mtu au mnyama?" kisha twachagua neno. Makaburi ya Oberkassel, Koster na Berenike yalinifundisha kwamba kitenzi, kama jina lake linavyosema, kinatazama tendo. Tendo la kuzika lina sehemu zake: kuchagua mahali, kuchimba kwa ajili yake, kuulaza mwili kwa mkao, kuufunika kwa kitu kabla ya udongo, kuweka alama au kumbukumbu. Sehemu hizo zikiwapo, pamezikwa. Zisipokuwapo pamefukiwa, hata kama aliye chini ni mtu. Ndiyo maana watu waliouawa vitani na kurundikwa shimoni, ndugu zao husema kwa uchungu, "Walifukiwa kama mbwa, hawakuzikwa." Tazameni jinsi msemaji huyo anavyotumia vitenzi. Hamkosei marehemu sarufi. Anashuhudia tendo lililotendwa, na lugha inampa neno la kushuhudia.

Kama kufukia kunaweza kumfika mtu, basi kuzika kunaweza kumfika mbwa. Msichana yule aliorodhesha kila sehemu ya tendo: mkwaju, kaniki, ubavu, njuga. Ushahidi wote aliuweka mezani kabla ya kufikia kitenzi, kama mtafiti mwangalifu. Kisha akachagua neno ambalo ushahidi ulilidai. Mimi niliyekata neno sikuwa nimesoma sentensi zilizolitangulia. Nilisoma neno mbwa, nikaacha kusoma.

Sijui alipo leo. Huenda ni mwalimu, huenda ana wajukuu. Alama mbili za mwaka 1991 haziwezi kurudishwa katika daftari ambalo pengine lilikwisha kuwashia moto. Lakini walimu wenzangu mnaosoma ukurasa huu bado mna kalamu nyekundu mikononi. Mtoto akiwaletea neno lililo nje ya mazoea, someni kwanza aliyoyaandika kabla yake.

Nanyi washairi, nawaombeni jambo. Niandikieni neno ambalo kwenu hutumika mbwa wa nyumbani anapofunikwa udongo. Je, ni zika, fukia, au lipo lingine la lahaja yenu ambalo sisi wengine hatujalisikia? Kwa kuanzia, nami natoa ubeti mmoja. Mizani nimezihesabu, mkiona pengo, nisahihisheni bila huruma.

Mlinzi wetu nyumbani, si haki kutokuzikwa,
Alilala mlangoni, usiku tulipofikwa,
Njuga yake ya shingoni, udongoni ikawekwa,
Neno lililotamkwa, leo nalipa thamani.